Chomoa Bila Kuaga

Nyinyi mliobaki kwenye chumba cha mitambo mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi, na Wanyama akaongeza, "Madam, andika vizuri, usitukane mtu." Nitajaribu. Lakini nimekaa hapa nyumbani Busia tangu nilipostaafu, nakunywa chai yangu taratibu, na kila nikikumbuka habari ya zile seva mbili naiacha ipoe. Kwa hiyo msitegemee hotuba ya shukrani. Nina hasira, hasira yangu ina sababu, na nataka muijue hiyo sababu kabla hamjarithishwa upuuzi ule ule.

Vyeo na mishahara naviruka, hayo kila mtu anayajua ya kwake. Naanza na siku ya kwanza. Mimi ni mtoto wa Tororo mjini. Baba yangu, Saidi, alikuwa na malori ya kubeba simenti, na sisi watoto tulilelewa kando ya injini tukimshikia tochi. Nilipomaliza masomo ya kompyuta nikaajiriwa na kampuni hii yetu ya vyumba vya baridi, inayopokea samaki wa ziwani Majanji, kuwagandisha hapa Busia upande wa Uganda na kuwapakia malori yanayovuka kwenda Kenya. Ofisi kuu ilikuwa Tororo. Nilifika na viatu vipya vinavyobana na buibui lililopigwa pasi mpaka linang'aa, nikaambiwa nikamwone Mzee Owor.

Mzee Owor alikuwa mtu wa kijijini Petta, fundi wa simu wa enzi za nguzo na waya za shaba, aliyejifunza Linux ukubwani kwa ubishi tu. Mfuko wa shati lake ulikuwa umechanika kwa sababu ya bisibisi aliyoibeba humo kila siku ya Mungu. Hakuniuliza cheti. Alinipeleka kwenye meza yenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya mwembamba nyuma. Kupitia waya ule kila moja ilikuwa inamwambia mwenzake, bila kukoma, nipo, nipo, nipo. Hiyo ndiyo klasta. Moja inafanya kazi, ya pili inasubiri. Ya kwanza ikinyamaza ya pili inashika, na mteja aliyesimama dirishani hajui kama kumetokea kitu.

"Wewe binti Saidi," akasema, "chomoa hiyo waya ya stima."

Nikashika kipanya ili niizime kompyuta kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Akanigonga vidole kwa mpini wa bisibisi.

"Hapana zima na adabu! Mashine ikikufa, naaga nani? Chomoa bila kuaga."

Nikachomoa, roho juu juu, maana mashine ilikuwa inafanya kazi ya watu. Ikazimika. Tukasikiliza. Ile ya pili ikaanza kunguruma, taa zikapepesa, na karani wa dirishani akaendelea kupiga risiti bila hata kugeuza shingo. Mzee Owor akatabasamu mara moja tu, nami nikajua nimepata kazi ninayoipenda.

Mchana akanionyesha jambo la pili, na hili ndilo lenye uzito. Alirudisha stima kwenye ile mashine niliyoichomoa, kisha akachomoa ule waya mwembamba wa katikati. Mashine zote zinaishi, ila hazisikiani. Ala! Kila moja ikaamua mwenzake amekufa, na zote mbili zikashika kazi ile ile kwa pamoja.

"Sasa angalia," akasema. "Yote mbili naandika. Hii naandika yake, hii naandika yake. Kesho nani anasema kweli?"

Nikamwomba jibu. Akanipa lake, na nililishika mpaka nikastaafu: mashine isiyomsikia mwenzake isiguse data ya mtu mpaka kwanza imkatie huyo mwenzake stima, na iwe na hakika kwamba imekatika. Ikishindwa kumkatia, ikae kimya, isifanye lolote. Mashine ikinyamaza hujui kama imekufa au imenyamaza tu. Kwanza zima, halafu kazi. Mnacheka? Hata mimi nilicheka siku ile. Nilimwambia Mzee huo ni ukatili, akasema ukatili ni kumpa mtu risiti ya uongo.

Miaka ikaenda hivyo. Programu ya klasta ilibadilika jina na sura mara nyingi, na kila ilipobadilika tuliipandisha toleo sisi wenyewe, Mzee Owor na mimi, tukiwa na chupa ya chai na biskuti za glukosi. Utaratibu wake haukuwa na uchawi. Unasoma maelezo ya toleo jipya mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo yanayochosha. Unachukua nakala ya data na unairudisha kwenye mashine ya pembeni uone kama inarudi kweli, maana nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu. Unahamishia kazi yote mashine moja, unaipumzisha nyingine, unaipandisha, unaijaribu, unairudisha kundini, ndipo unabadilishana. Ukimaliza unachomoa waya wa stima, bila kuaga. Mzee hakukubali kwamba kazi imekwisha mpaka achomoe.

Baadaye kampuni ikakua, seva moja ikabaki Tororo na nyingine ikahamishiwa Busia pamoja nami, zikaunganishwa na waya wa intaneti uliofukiwa kando ya barabara. Mnaijua ile barabara. Kila greda linalopita linatafuta waya wetu. Kwa hiyo tulifungiwa kila upande soketi ya stima yenye laini ya simu ndani yake, ili Tororo ikipotezana na Busia iweze kuipigia soketi ya Busia na kuizima mashine kwa njia nyingine. Wazo zuri sana. Waliokuja kuzifunga walitoka mbali, wakaiacha laini ijitafutie mtandao yenyewe, wakala nyama choma wakaondoka.

Mtume! Kuna mtoto gani wa Busia asiyejua kwamba simu ukiiacha ijitafutie mtandao hapa, inarukia mnara wa Kenya? Sisi sote simu zetu tumezifunga kwa mkono, huu mtandao basi, maana ukisahau hata meseji ya jirani inazunguka ng'ambo kwanza. Ile soketi nayo ikavuka mpaka. Siku moja waya wa barabarani ukayumba kidogo, Tororo ikatuma amri ya kuizima Busia, amri ikapotelea hewani huko ng'ambo, na ikafika wakati waya umesharudi na mashine ya Busia ni nzima kabisa. Soketi ikatii. Tak! Ukumbini mkurugenzi wetu alikuwa mbele ya wageni wenye tai, akiwaonyesha mfumo kwenye skrini kubwa iliyochomekwa moja kwa moja kwenye seva ya Busia, na skrini ikawa nyeusi.

Mkurugenzi huyu sitamtaja jina, nimemwahidi Wanyama. Ndiye aliyeagiza langoni paandikwe kwa rangi nyekundu HATUSIMAMI. Siku ile alinijia hadi chumba cha mitambo akitoa jasho la aibu.

"Mama Zubeda, nani alinunua mashine ya kuua mashine nyingine?"

"Bosi, kosa ni la laini, imevuka kwenda Kenya. Nipe mchana huu tu, naifunga."

"Zima hiyo kitu. Isiwahi kuua tena."

Nikaizima, maana yeye ni bosi. Kwenye mipangilio ya klasta kuna mstari unaosema kuzimana kuruhusiwe au kusiruhusiwe, na pale penye ndiyo nikaandika hapana. Lakini sikuishia hapo. Mzee Owor alikuwa ameshastaafu, akilima mihogo kwao. Nilimpigia, akapanda boda kutoka Petta na bisibisi yake mfukoni, tukaifungua ile soketi, tukaifunga laini kwenye mtandao mmoja wa hapa hapa, tukaijaribu kwa balbu mpaka karani akatuomba tuache kuwasha na kuzima kwa sababu macho yanamuuma. Haikukosea hata mara moja. Nikarudi kwa bosi mbio, nikamwambia imepona, niiruhusu?

"Iache hivyo hivyo," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Nilirudi wiki iliyofuata. Nikarudi tena. Kila nikirudi naambiwa subiri wageni hawa waondoke. Nchi hii ina wageni wengi jamani. Mpaka leo nikiwaza kwamba kitu kilikuwa kizima, kimefungwa vizuri na mzee wa watu aliyetoka shambani kwake, na kikazimwa kwa sababu ya skrini ya ukumbini, natamani kurusha kikombe.

Ndipo ikaja ile kazi ya kupandisha toleo. Programu yetu ilikuwa imezeeka, walioitengeneza walishaacha kuitolea marekebisho, ilikuwa lazima tuipandishe. Nikasoma maandishi madogo. Safari hii palikuwa na jambo: sehemu inayopeleka zile salamu za nipo, nipo, ilikuwa imebadilika kabisa, na toleo jipya haliongei na la zamani. Ukipandisha mashine moja huku nyingine ikifanya kazi, hazitasikiana. Kwa hiyo utaratibu wetu wa siku zote wa moja moja haufai. Lazima uzisimamishe zote mbili, uzipandishe zote, uziwashe pamoja. Niliomba saa moja ya kusimama, Jumapili, wakati mitumbwi ya Majanji haijaleta kitu.

"Hatusimami," bosi akasema kikaoni. "Si imeandikwa pale langoni? Na tuna mashine mbili, hofu ya nini? Pandisha moja, nyingine ifanye kazi."

"Bosi, hazitasikiana. Na kuzimana umekataza. Zote zitashika kazi."

"Mama Zubeda, umri umekufanya mwoga."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa.  Watu wa Busia tunapenda viwili: laini mbili, pochi mbili, salamu za huku na za kule. Lakini mtu mwenye laini mbili ni mtu mmoja, anajua simu ipi imeita. Mashine mbili zisizosikiana hazina mtu huyo katikati. Nilimwambia hivyo, akaangalia saa.

Wiki ile ile Mzee Owor akafariki. Nikaomba ruhusa nikaenda Petta kumzika. Niliketi na wajane na mabinti zake, nikala kwon, ule ugali wao, na mboga ya ufuta, tukamlilia. Binti yake mkubwa alinionyesha shati alilotaka kuzikwa nalo, lile lenye mfuko uliochanika. Jeneza lilikuwa limeshashushwa na wanaume wanatupa udongo simu yangu ilipoanza kutikisika mkobani, ikatikisika, ikatikisika. Alikuwa Wanyama, fundi mwenzangu wa Busia, baba mzima wa watoto, anayelala upande wa Kenya na kuvuka kila asubuhi kuja kazini.

"Madam, hapa kumewaka," akanong'ona. "Bosi aliniforce nipandishe mashine ya Busia leo asubuhi. Nilimwambia umesema tungoje. Akasema niki-refuse niende nyumbani."

"Ya Tororo iko wapi?"

"Inafanya kazi. Hii pia inafanya kazi. Zote mbili, Madam, tangu asubuhi."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Astaghfirullahi, mbele ya kaburi la mtu aliyenifundisha jambo hilo hilo siku yangu ya kwanza. Wanyama akaeleza mengine. Kila kreti ya samaki inayoingia kwetu au kuagizwa na mnunuzi inapewa na mfumo namba inayofuata, na risiti ya mwenyewe inabeba namba hiyo. Asubuhi ile wanawake wa Majanji walileta samaki wao Busia, na seva ya Busia ikawapa namba. Wakati ule ule, mnunuzi mmoja mkubwa aliagiza samaki ofisini Tororo, na seva ya Tororo, isiyojua habari ya Busia, ikampa namba zile zile. Sasa lori lake lilikuwa limeshafika langoni Busia, dereva ana karatasi ya Tororo mkononi, anadai kreti zake. Na kreti zenye namba hizo ni za kina mama.

"Wenyewe wako hapo nje, Mama Nabwire na wenzake," akasema Wanyama. "Wanalia. Bosi anasema tuchague upande mmoja ndio ukweli, tuchague Tororo. Ananiambia nipige ile amri ya kuifanya Busia itupe data yake. Nifanye aje?"

Mnielewe vizuri hapa. Diski zikiandika kila moja ya kwake namna ile haziwezi kuunganishwa. Lazima upande mmoja uitwe uongo, na ukishapiga amri ile, yaliyoandikwa upande huo yanafutika. Busia ikitupa yake, hakuna mahali popote mfumo utasema Nabwire wa Majanji alileta samaki asubuhi. Mfumo utasema kreti zake ni za mnunuzi, kibali cha kutoa mzigo kitachapishwa, mlinzi atafungua chumba cha baridi, lori litavuka mpaka, na samaki wa mama wa watu wataliwa Nairobi.

"Usiguse kitu," nikamwambia. "Mwambie tumbo limekushika. Nenda chooni ujifungie mpaka nifike."

"Madam, Petta ni mbali."

"Basi kaa sana!"

Mume wa binti mkubwa wa Mzee Owor alinichukua kwa gari lake, bado ana udongo wa kaburi kwenye viatu.  Njia nzima nilikuwa namwomba Mwenyezi Mungu asinipe nguvu ya kumpiga mtu.

Langoni niliwakuta kina mama wamekaa chini mbele ya lori ili lisisogee. Mama Nabwire namjua tangu hajaolewa. Ni Msamia mnene, mcheshi, anayeuza sangara na ngege, ambaye kila akinipita dirishani hunitania kwamba nimekauka kama mukene, wale dagaa wetu, kwa sababu ya kukaa na mashine kwenye baridi. Siku ile hakunitania. Alisimama akanishika mkono wa buibui.

"Mama Zubeda, mimi nimeleta samaki yangu asubuhi, hii namba iko yangu," akasema, akinionyesha risiti. "Huyu dereva nasema iko yake. Sisi wote tuko na namba moja? Mashine yenu nalewa?"

"Samaki wako utawajua?"

"Kwani mimi naweka alama na nini? Kitambaa yangu iko kwa kila kreti!"

Hapo nikapata pumzi. Kina mama wa Majanji hawajawahi kuziamini namba zetu hata siku moja. Kila mmoja hufunga ukanda wa kitenge kwenye mpini wa kreti yake, Nabwire wa kijani wenye maua ya njano, mwenzake wa bluu, na hawarudii rangi ya mtu. Bosi alishawahi kukataza vitambaa hivyo, eti vinaharibu sura ya kampuni, nao wakaendelea kuvifunga kana kwamba hawajasikia.

Nikaingia ndani. Bosi alikuwa anagonga kwa kiganja mlango wa choo kilichopakana na chumba cha mitambo. "Wanyama! Kama unaumwa sema tukupeleke hospitali!" Aliponiona akageuka.

"Afadhali umefika. Piga ile amri, lori liondoke. Mteja mkubwa anasubiri."

"Bosi, Busia ina data ya watu. Nipe muda niitoe kwanza, niihifadhi, ndipo tuunganishe. Kina mama wataonyesha kreti zao kwa vitambaa."

"Vitambaa? Tumenunua mfumo wa kisasa, wewe unaniambia vitambaa? Ukweli ni wa Tororo. Ofisi kuu ni Tororo."

"Samaki hawako Tororo. Samaki wako hapa!"

"Mama Zubeda, usinipigie kelele. Kama hupigi, naipiga mwenyewe. Wanyama ameshaiandika pale kwenye skrini."

Na kweli ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa imebaki kugonga tu. Alipita mbele yangu kuelekea kwenye kibodi, na wallahi sikufikiri. Nilizunguka nyuma ya kabati, nikashika waya za stima za seva, zote mbili maana huwa ina mbili, nikachomoa kwa pamoja. Feni zikashuka sauti, taa zikazima. Nikazikunja zile waya, nikazitia mkobani.

"Umefanya nini?"

"Nimefanya kazi uliyoikataza mashine ifanye. Nimeizima."

"Rudisha hizo waya!"

"Sirudishi. Data iko kwenye diski, salama, imelala. Ukitaka waya njoo uzitoe mkobani mwangu mbele ya hawa watu."

Hakuja. Alinitolea maneno ambayo Wanyama amenikataza kuandika, nami nikamrudishia mengine ambayo pia nimekatazwa. Mlango wa choo ukafunguka, Wanyama akatoka akiwa amelowa jasho, akasimama upande wangu. Klasta ikiwa imevunjika, printa ya Busia ilikuwa inaisikia seva ya Busia tu; bila seva hiyo hakuna kibali kinachochapishwa, na bila kibali mlinzi hafungui chumba cha baridi. Lori likazima injini.

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu, kazi niipendayo. Tulimpelekea dereva chai na mandazi. Tuliiwasha mashine ya Busia ikiwa imetengwa na mtandao wote, tukaitoa data ya asubuhi tukaiweka pembeni, tukahakikisha inasomeka, ndipo tukaikubali ile ya Tororo. Kisha kina mama wakaingia chumba cha baridi mmoja mmoja, wamejifunga makoti ya wafanyakazi, wakagusa vitambaa vyao, na kila kreti ikapewa namba mpya isiyo ya mtu mwingine. Kreti ya mwisho ya Mama Nabwire ilipoingia kwenye mfumo alipiga kigelegele humo humo kwenye baridi, mvuke ukamtoka mdomoni. Lori liliondoka baadaye na samaki halali wa mnunuzi, waliotolewa kwenye akiba yetu.

Jumapili iliyofuata tukapewa saa moja ya kusimama, ile ile niliyoiomba. Tulizisimamisha seva zote mbili, tukazipandisha, tukaziwasha pamoja, zikasalimiana vizuri. Hatukuimaliza hata hiyo saa. Kikaoni bosi alisema palitokea tatizo la mtandao, na kwamba kuna mfanyakazi aliyezima mfumo bila idhini. Hakuna aliyecheka safari hii, lakini pia hakuna aliyenyoosha mkono. Nilimwomba mbele ya wote aruhusu kuzimana kurudi. Akasema tusubiri, kuna wageni.

Wageni. Haki ya Mungu.

Muda wangu wa kustaafu ukafika nikiwa bado nasubiri. Mkanifanyia sherehe ukumbini Busia, nawashukuru kwa keki na kwa lile blanketi. Bosi akasimama kunisifu, uaminifu wangu, bidii yangu, mama yetu sote. Skrini kubwa nyuma yake ilikuwa inaonyesha mfumo, kwa sababu siku hiyo tena tulikuwa na wageni. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele nikimsikiliza, na nikatambua kwamba nikitoka na zawadi zangu bila kufanya kitu, siku moja atakuja Nabwire mwingine, na hapatakuwa na mtu wa kukimbia kutoka mazishini.

Nikaomba nipite kunawa mikono. Wanyama akanifuata bila kuitwa. Chumba cha mitambo, kibodi ile ile. Nikaandika mstari mmoja: kuzimana, ndiyo. Ilikuwa amri yangu ya mwisho kuandika kazini.

"Madam," Wanyama akasema, "si utest kwanza?"

"Ndicho ninachotaka kufanya."

Nikachomoa waya wa mtandao wa seva ya Busia. Tukasikiliza, kama siku ile ya kwanza na Mzee. Huko Tororo mwenzake akamwita, hakujibiwa, akaipigia soketi. Laini haikwenda Kenya. Tak! Seva ya Busia ikazimika yote, na kutoka ukumbini nikasikia watu wakisema aaah kwa pamoja, skrini imekuwa nyeusi.

Bosi akaja mbio, wageni nyuma yake.

"Nani amezima? Mama Zubeda, ni wewe tena?"

"Ni Tororo," nikamwambia.

Akafungua mdomo, lakini kabla hajasema neno tukasikia mashine ya risiti ya dirishani inakwaruza karatasi. Tulitoka sote kuangalia. Mama Nabwire alikuwa amesimama pale na kreti zake zenye vitambaa vya kijani, na karani alikuwa anamkatia risiti, namba moja baada ya nyingine, kutoka Tororo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nabwire aliichukua, akaisoma, akaikunja akaitia kifuani. Ndipo akatuona tumejaa mlangoni.

"Mbona wote naniangalia hivyo?" akauliza. "Kuna nini huko ndani?"

 Nilichukua mkoba wangu na blanketi langu, nikampita bosi na wageni wake, nikatoka langoni bila kuaga.